Tupeane uzoefu: gari ya kabureta inayogoma kuwaka ikiwa ya moto

Mwanzisha mada
Wakuu, salaam. Nina Datsun 1200, pikapu aliyoniachia marehemu baba. Dar ilikuwa haina neno. Nimehamia nayo Dodoma, na tangu hapo kuna mambo mawili. Inanuka petroli na kutoa moshi mweusi. Halafu asubuhi inawaka kwa stata moja, ila nikiizima saa saba mchana pale Sabasaba, nikanunua mboga robo saa tu, nikirudi haitaki. Stata inazunguka vizuri, betri nzima, injini haishiki. Nikikaa nusu saa kivulini inawaka yenyewe bila tabu.

La kwanza nimelielewa kidogo. Dar ni usawa wa bahari, huku tuko zaidi ya mita 1,100 juu. Hewa ni nyepesi, na kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, haina namna ya kulijua hilo, inaendelea kutoa petroli karibu ileile, basi mafuta yanaizidi hewa. Plagi zote nne nilizikuta na masizi makavu. Sikukimbilia bisibisi. Nilianza na eya klina, nikaikuta imejaa vumbi la Nkuhungu mpaka haipitishi mwanga. Nikabadilisha, nikapima valvu, nikasafisha plati zinazokata na kuunganisha umeme wa plagi. Ndipo nikaipasha injini mpaka joto lake la kawaida, nikahakikisha choki imefunguka yote, nikashika ile skrubu ndogo ya mchanganyiko. Niliikaza taratibu mpaka injini ikaanza kutetemeka, nikairudisha robo mzunguko, robo mzunguko, mpaka ikatulia na kuzunguka vizuri kuliko kote. Nikaacha hapo, nikashusha silensi, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga pedali, kwa ile skrubu nyingine.

Harufu imepungua sana. Ila kugoma mchana kuko palepale. Waliopita njia hii naomba simulizi zenu.

Fundi mstaafu, Kizota
Kijana umefuata utaratibu mzuri, wengi wanaanza na skrubu wakati eya klina imeziba. Niongeze mawili. Skrubu hiyo usiikaze mpaka mwisho kwa nguvu, ncha yake ni nyembamba, ikishapata kovu hutaipata silensi nzuri tena. Na inatawala silensi tu. Ukiwa barabarani ni jeti kubwa inayopima mafuta, kwa hiyo moshi mweusi ukiuona ukipanda mlima, angalia jeti na kimo cha boya linalotawala kiasi cha petroli ndani ya kabureta.

Sasa kugoma. Kwanza nijibu: ikikataa, chomoa plagi moja. Imelowa au imekauka? Bila jibu hilo tutakutajia spea kumi bure.

Mwanzisha mada
Imelowa, mzee. Na petroli inanuka mpaka nje.

Fundi mstaafu, Kizota
Basi injini haina njaa, imezama. Ukizima gari feni inasimama, maji yanaacha kuzunguka, joto lote la injini linapanda kwenye kabureta. Petroli ina sehemu nyepesi zinazoanza kuchemka hata kabla ya nyuzi 40. Inachemka ndani ya bakuli la kabureta na kuchuruzika kwenye manifodi, yale mabomba ya kupeleka mchanganyiko ndani ya injini. Wewe unakuja, unapampu pedali mara tano kama asubuhi, unaongeza mafuta juu ya mafuta.

Ikigoma tena, kanyaga pedali mpaka chini, ishikilie hapohapo bila kupampu, piga stata sekunde kumi. Unaingiza hewa ya kukausha. Ikishika, achia pedali taratibu.

Hiyo ni huduma ya kwanza. Kutibu, fungua boneti uangalie kati ya kabureta na manifodi. Pale kiwandani waliweka kipande kinene cheusi, kigumu kama bakelaiti, cha kuzuia joto. Kipo?

Mdau wa Kondoa
Yangu ni Land Rover Series III ya petroli, kabureta Zenith. Miaka miwili nilihangaika. Asubuhi sawa, ikipata moto inakunywa mafuta na kugoma. Kila fundi anakaza skrubu, anafungua skrubu. Siku moja mzee mmoja akafungua kifuniko cha juu cha kabureta, akakiweka juu ya kioo cha dirisha. Kikacheza! Kilikuwa kimepinda kwa joto na kukazwa kupita kiasi, mafuta yanapenya pasipostahili. Alibandika msasa laini juu ya kioo, akasugua uso ule kwa mizunguko midogo karibu saa nzima mpaka ukawa sawa, pamoja na kile kipande cha ndani kinachokutana nao. Akaweka na oringi mpya, ile pete ya mpira. Kutoka hapo naenda Kolo na kurudi, nazima popote.

Nasikitika kwa pesa niliyotumia kununua plagi.

Mdau wa Mpwapwa
Mimi Peugeot 504, na plagi zangu zilikuwa KAVU, kwa hiyo msifikiri dawa ni moja. Ilikuwa inazimika yenyewe kwenye joto. Nikapima moto wa umeme: hakuna cheche. Ikipoa, cheche ipo. Nilibadilisha kondensa ya distributa, kile kifaa kinachogawa umeme kwenye plagi, ikakaa wiki mbili, ikarudia. Mwisho ikawa koili, inayotengeneza umeme mkali wa plagi. Ikipata moto inakata, ikipoa inarudi. Kwa hiyo petroli usiilaumu kabla hujaiona cheche gari ikiwa ya moto, ikipoa haitakuonyesha kitu.

Mama wa Area D
Jamani na sisi wa injekta tuna shida hiyo. Corolla yangu ikishapata moto inawaka kwa taabu na kunuka petroli. Haina kabureta, haina skrubu ya kugeuza. Fundi alikuta sensa ya joto la maji inadanganya, inaiambia kompyuta injini ni ya baridi, basi kompyuta inamwaga mafuta ya asubuhi saa nane mchana. Kasensa kadogo tu, kakabadilishwa, yakaisha. Nimeliandika kwa ajili ya kina dada wenzangu, maana mimi niliambiwa kwanza nibadilishe pampu nzima.

Mdau wa Bahi
Mimi namwagia kabureta maji ya baridi, inawaka.

Fundi mstaafu, Kizota
Ndugu yangu wa Bahi, acha kabisa. Maji ya baridi juu ya manifodi ya moto yanaweza kuipasua. Kitambaa kilicholowa maji, ukikikamua vizuri, kiviringishe kwenye pampu na mrija wa mafuta. Hicho kinasaidia pale mvuke unapoziba mrija na injini inakosa mafuta. Aliyezamisha injini hakimsaidii. Na mrija wenyewe usiguse ekzosi, usogeze.

Mwanzisha mada
Narudi na majibu. Mzee wa Kizota, kile kipande hakikuwepo! Kabureta ilikaa juu ya gaskiti ya karatasi tu. Nadhani aliyeifungua zamani alikivunja akanyamaza. Nimekipata kwenye injini chakavu huku Majengo, nikakifunga na gaskiti mpya pande zote mbili, nikapulizia kisafisha kabureta kwenye maungio, silensi haikubadilika, kwa hiyo hewa haivuji. Nikapanga tena mchanganyiko, maana ulihama kidogo.

Jumamosi nimekwenda Sabasaba makusudi, saa saba, jua la Novemba. Nimezima dakika 15, nikakanyaga pedali nusu, ikawaka. Nikarudia mara tatu. Ya tatu ilisita kidogo, ikashika.

Fundi mstaafu, Kizota
Hiyo ya tatu ni boya. Lishushe kidogo sana, kisha chomoa plagi baada ya kwenda Kongwa na kurudi, utuambie rangi. Nataka kusikia kahawia ya kahawa yenye maziwa, ndipo tujue mchanganyiko uko sawa.

Mwanzisha mada
Naondoka kesho alfajiri, mzee. Nitaleta rangi.