Chanjo ya homa ya mafua kabla ya Hija: tuchome iliyopo sasa au tusubiri ya kusini?

Bin_Chumbageni (14 Machi 2025)

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa wenye taaluma.

Mama ana miaka 67, ana sukari na presha, anaondoka Dar kwenda Hija tarehe 20 Mei. Kliniki tuliyoulizia inayo chanjo ya homa ya mafua, ila mfamasia kasema iliyobaki ni ya kizio cha kaskazini (nusu ya dunia ya kaskazini) 2024/2025, mwisho wa matumizi Juni. Ya kusini 2025 wanaitegemea katikati ya Aprili. Nyumbani yupo pia mke wangu, mimba wiki 22, na mtoto wa miaka 3 ambaye hajawahi kuchanjwa hii.

Je, mama achome sasa au asubiri? Mke wangu naye? Mtoto dozi ngapi? Na kuna haja kweli, au ni biashara tu ya mahospitali binafsi?

Mfamasia_Ilala

Mkuu, nianze na hilo la mwisho. Wengi wanakataa kwa sababu "nilichoma na bado nikaugua mafua". Hapa tunachanganya maneno. Haya mafua ya kupiga chafya na kamasi siku tatu husababishwa na virusi vingine kabisa, na chanjo hii haivigusi. Inayolengwa ni influenza: homa inayopanda ghafla, mwili kuuma kama umepigwa, kikohozi kikavu, na kwa wazee mara nyingi mwisho wake ni nimonia. (Wenzetu wa Kenya ndiyo wanazidisha mkanganyiko, kwao "homa" ndiyo mafua yenyewe.)

Mwaka ambao chanjo imelingana vizuri na virusi vinavyozunguka, inapunguza kuugua kiasi cha kwenda hospitali kwa asilimia 40 hadi 60. Kwa wazee huwa pungufu ya hapo. Si ngao kamili, lakini mtu wa miaka 67 mwenye sukari anayekwenda kukaa katikati ya umati wa mataifa yote Mina na Arafa, mimi simshauri asafiri bila hiyo.

Sasa kaskazini au kusini. WHO hukaa mara mbili kwa mwaka kuchagua aina za virusi: Februari kwa kizio cha kaskazini, Septemba kwa kizio cha kusini. Ya kaskazini hutoka kuanzia Agosti au Septemba, ya kusini hutoka Machi au Aprili inayofuata. Sisi tulio karibu na ikweta hatuna msimu ulionyooka, virusi vinazunguka karibu mwaka mzima, kwa hiyo jina la kizio lisikusumbue. Kinachohesabika ni ipi mpya zaidi na safari ni lini.

Ukilinganisha aina za virusi vya influenza zilizomo katika hizo mbili: H1N1 ni ileile (A/Victoria/4897/2022), B ni ileile (B/Austria/1359417/2021). Iliyobadilika ni H3N2, kutoka A/Thailand/8/2022 kwenda A/Croatia/10136RV/2023. Aina moja kati ya tatu, utasema si kitu, lakini H3N2 ndiyo inayowaumiza wazee zaidi. Kwa mama ningesubiri ya kusini. Zaidi ya hapo, kinga hupungua miezi inavyopita, na akichoma leo atafika Arafa Juni ikiwa imeanza kushuka.

Kusubiri kuwe na mwisho. Mwili unahitaji kama wiki mbili kujenga kinga, kwa hiyo tarehe ya mwisho kabisa ni 6 Mei. Mimi ningeweka 28 Aprili: ikifika hiyo siku mzigo haujaingia, achome ya kaskazini na maisha yaendelee.

Nesi_Mvita

Nakubaliana na ndugu yangu hapo juu kuhusu mama, ila mzigo wa "katikati ya Aprili" nimeuona ukifika Juni. Mwambie mfamasia akuwekee kando dozi moja ya kaskazini mpaka hiyo tarehe 28. Wakikataa, mimi ningechoma sasa. Chanjo iliyo mkononi ina faida kuliko iliyo bandarini.

Homa ya uti wa mgongo msisahau, hiyo ni ya lazima kwa Hija na ichomwe siku 10 au zaidi kabla ya kuingia Saudia. Ya influenza inahimizwa. Zote mbili zinaweza kuchomwa siku moja, kila moja mkono wake, ili mkono ukivimba ujulikane ni ipi.

Mkeo: chanjo ya sindano (virusi vilivyokufa) inafaa mwezi wowote wa mimba. Ile ya kupuliza puani ina virusi hai, mjamzito haipewi. Faida kubwa iko kwa kichanga: mtoto chini ya miezi 6 hachanjwi hii, kinga anayo ya mama yake tu. Akichoma Aprili atakuwa wiki ya 27 hivi, muda wa kutosha kabisa kabla ya kujifungua Julai. Asiache tu ipite mpaka wiki mbili za mwisho.

Mtoto wa miaka 3 kwa mara ya kwanza: dozi mbili, zipishane wiki 4 au zaidi. (Utaratibu huu ni wa miezi 6 hadi miaka 8, baada ya hapo ni moja kila mwaka.) Zinunue au ziwekeshe zote mbili siku moja, maana kinachotokea mara nyingi ni ya pili kuisha dukani. Ikichelewa, hamwanzi upya, mnamalizia tu ya pili.

Sasa jambo ambalo watu hawaulizi: friji. Chanjo hii hukaa nyuzi 2 hadi 8 na ikiganda imekufa, hata ukiiyeyusha na ionekane safi. Kile kipimo cha kutikisa kichupa tunachotumia kwa chanjo kama pentavalenti (ile ya watoto ya magonjwa matano) hapa hakifai, kwa sababu kinategemea aluminiamu na hizi za influenza hazina. Kwa hiyo kwa macho huwezi kujua. Omba uone daftari la joto la friji, linalojazwa asubuhi na jioni. Ukikuta limejazwa wiki nzima kwa kalamu moja na namba ileile "4, 4, 4, 4", tafuta kwingine. Na usiibebe kwenye mfuko wa plastiki juu ya barafu kupeleka nyumbani, hapo ndipo nyingi huganda. Mpeleke mgonjwa kwenye sindano.

Bin_Chumbageni

Asanteni sana. Boksi la kaskazini limeandikwa aina nne, na la kusini nasikia ni tatu. Hii si kwamba tunapunjwa? Na mama ana woga, mwaka juzi bega lilimuuma mwezi mzima baada ya chanjo nyingine.

Mfamasia_Ilala

Hampunjwi. Aina ya nne ilikuwa B/Yamagata, na hiyo haijathibitika kuonekana duniani tangu Machi 2020, ndiyo maana inaondolewa. Usilipe zaidi kwa ajili ya nne.

Nesi_Mvita

Bega la mwezi mzima kwa kawaida si dawa, ni sindano iliyochomwa juu mno ikagusa kiungo. Mchomaji apapase ncha ya mfupa wa bega, ashuke vidole viwili au vitatu, achome katikati ya msuli, kwa pembe ya nyuzi 90, sindano ya milimita 25. Mama avae nguo ambayo mkono wote unatoka. Kuvuta kola chini kufunua bega ndiko kunakopandisha sindano. Akae dakika 15 kabla ya kuondoka. Mkono kuuma na homa kidogo siku moja au mbili ni kawaida, panadol inatosha. Mafua madogo siku hiyo hayazuii, ila akiwa na homa kali mngoje ipoe. Asiyechoma kabisa ni aliyewahi kupata mzio mkali kwa dozi iliyopita ya chanjo hii.

Daktari_Muscat

Nyongeza moja. Muulize daktari wake wa sukari kuhusu kubeba oseltamivir (dawa ya kutibu influenza). Homa ikimkamata kule ghafla, dawa hiyo hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 48: mg 75 mara mbili kwa siku, siku 5. Lakini kwanza apimwe figo (kreatinini) kabla ya safari, kwa sababu figo zikiwa zimechoka dozi hupunguzwa, na wenye sukari wengi figo zao hazijapimwa muda mrefu.

Mkikuta chanjo ya dozi kubwa kwa wenye miaka 65 na zaidi, mikrogramu 60 kwa kila aina badala ya 15, mpeni hiyo. Mkiikosa, msizunguke mji mzima mpaka tarehe zipite, ya kawaida ichomwe.