Alaimenti ya kamera imeyumba: nisafishe tai pointi, niweke maka au nialaini upya?

jicho_la_lenzi
Wakuu habari. Nina seti ya picha za jengo la ghorofa, chini nimezunguka na kamera ya mkononi, juu nikamalizia na droni. Metashape (programu ya kutengeneza modeli ya 3D kutokana na picha) imealaini karibu zote, yani imekadiria kila kamera ilikaa wapi na ilitazama wapi, ila kona moja ukuta umetoka mara mbili, yani unaona safu mbili za matofali, moja mbele ya nyingine kwa upana wa kidole, na kuna kamera za droni zinaangalia angani wakati nilipiga zikitazama ukuta. Naona njia tatu: kualaini upya kwa Highest (ngazi ya juu kabisa ya usahihi), kusafisha tai pointi (zile pointi programu inazozioanisha kati ya picha) halafu kuoptimaizi (programu ikokotoe upya mikao ya kamera na lenzi), au kuweka maka kwa mkono, yani alama kwenye kitu kilekile katika picha kadhaa. Ipi inalipa kabla sijaanza wingu zito (pointi nyingi mno za 3D za uso wa jengo), manake hapo mashine inakesha?

fundi_pikseli
Highest weka pembeni mkuu. High ndo inasoma picha kwa ukubwa wake halisi, Medium inapunguza kila upande mara 2, Highest inaikuza picha mara 2 kila upande alaf ndo inatafuta pointi humo, sasa kama picha haijatulia kabisa unachokuza ni ukungu tu. Ukuta kujirudia konani mara nyingi ni makundi mawili ya picha yameshikana kwa pointi chache mno, kila kundi lenyewe liko sawa ila hayakubaliani. Hapo kinachokosekana ni kiungo. Maka.

Bi_Wingu
Mimi sianzi na maka, naanza na usafi. Piga kopi ya chanki (fungu la kazi ndani ya Metashape) kwanza ili ukiharibu urudi. Nenda Gradual Selection (menyu ya kuchagua pointi mbovu kwa kipimo), Reconstruction Uncertainty (pointi ambazo mahali pake hapana uhakika) wengi tunaanza na 10, ikikamata zaidi ya nusu ya pointi legeza namba, futa, optimaizi. Kisha Projection Accuracy (pointi zilizopatikana kwa usahihi mdogo kwenye picha) kwenye 3 hivi, futa, optimaizi. Reprojection Error (pikseli kati ya pointi ilipoonekana kwenye picha na pale modeli inapoiweka) iwe ya mwisho na uishushe taratibu kuelekea 0.3, kila ukifuta kidogo unaoptimaizi tena, usikate kwa mkupuo mmoja. Wakati wa kuoptimaizi tiki vigezo hivi vya lenzi: f, cx, cy, k1 mpaka k3, p1 na p2, hizo nyingine ziache kama huna sababu.

fundi_pikseli
Dada usafi wako siupingi, ila hautashona kona yake. Na hiyo 0.3 watu wanaifukuzia mpaka inachekesha, ukifuta kila pointi isiyokubaliana na modeli lazima namba ishuke hata kama modeli yenyewe imepinda, ni mwalimu anayefukuza waliofeli ili wastani wa darasa upande.

Bi_Wingu
😂 Sawa, lakini ukiweka maka juu ya pointi chafu nazo zinavutana na maka zako. Abaki na vyote viwili, tunabishania tu kipi kitangulie.

ramani_kwanza
Fundi yuko sahihi kuhusu namba. Kwenye droni iliyopiga chini tu unaweza kupata reprojection error safi kabisa na eneo zima limevimba katikati. James na Robson walilieleza hili 2014: picha zote zikitazama chini sambamba na lenzi inajikalibreti yenyewe, kosa dogo kwenye upotofu wa lenzi linageuka kuwa kuba. Dawa ni kuongeza picha za kuinamisha kamera au kontro pointi zilizopimwa vizuri. Tena mkuu angalia droni yako kama ni roling shata (sensa inayosoma picha mstari kwa mstari) washa ile fidia yake, na hakikisha droni na kamera ya mkononi ziko kwenye makundi tofauti ya kalibresheni (vigezo vya lenzi). Kama ulizuum katikati ya kazi hapo pia ni shida nyingine.

nje_ya_boksi
Kwa RealityCapture, programu nyingine ya kazi hii, siku hizi RealityScan, hili lingeonekana mapema maana makundi yasiyoshikana inakutolea kama komponenti mbalimbali, unaweka kontro pointi tatu (ndo maka za huko) zinazoonekana pande zote, unaalaini tena, zinaungana. COLMAP nayo ni ya bure na naipenda lakini kuweka maka kwa mkono humo sio kazi ya mtu mwenye haraka.

jicho_la_lenzi
Nimezireset zile kamera za angani, nikaweka maka kwenye pembe za fremu za madirisha mawili pamoja na bamba la mlangoni, kila moja kwenye picha za mkononi na za droni, nikaalaini hizo tu nilizozireset kisha nikaoptimaizi. Safu za matofali zimekaa moja. Ila maka moja ya dirisha kosa lake ni kubwa kuliko zote, nyingine hazifiki hata pikseli 1.

fundi_pikseli
Uliibandika kwenye fremu au kwenye kioo? Kioo kinaonyesha taswira ya kitu kingine, kila picha inahama. Fungua picha zake moja moja ukianzia yenye kosa kubwa, iliyopigwa kwa pembe kali iondoe, sio lazima maka ionekane kila mahali.

ramani_kwanza
Na hizo maka usizitumie zote kufunga modeli, bakiza kitu cha kuhakiki. Kama una umbali uliopima kwa futi kamba mahali fulani kwenye jengo, uweke kama skeli baa (umbali unaojulikana kati ya maka mbili) usiitiki, yani isitumike kwenye hesabu, uone programu inasema ngapi.

Bi_Wingu
Baada ya hapo ndo urudi kwenye usafi, sasa pointi zilizobaki na kosa kubwa ni takataka kweli. Vioo vyote vifunike kwa maski kabla ya wingu zito.