Tupeane uzoefu: mwili wako umewahi kukupa kipimo bila futikamba?

Wakuu habari za jioni. Mi fundi cherehani hapa Mwanga Kigoma, mwaka wa 11 sasa. Juzi kijana kaja na suruali ya mtumba, fundi hii itanitosha kweli? Futikamba nilikuwa nimemwazimisha jirani, basi nikaifunga kifungo ile suruali nikamzungushia sehemu ya kiuno shingoni, ncha mbili zikakutana kisogoni, nikamwambia chukua. Kavaa, imekaa. Akadhani ni kitu cha kubahatisha, nikamwambia hapana, watu wengi shingo inakaribia nusu ya kiuno (mwenye kitambi usimpime hivyo, utampoteza), na kifundo cha mkono ukizidisha mara 2 unakaribia shingo.

Ila kwa watoto nilishaumia. Mwanzoni kabisa mama mmoja wa Ujiji kaniletea kitambaa kizuri nimshonee kichanga gauni la arobaini, mi nikachukua vipimo vya gauni la mtoto wa miaka 5 nikapunguza kila kitu sawasawa. Kichwa kikagoma kupita! Nilikuwa sijui kwamba kichanga kichwa chake ni kama robo ya urefu wake wote wakati mtu mzima ni kama sehemu moja ya saba na nusu. Nikafumua bega la kushoto nikaweka vishikizo 2, yule mama kasimama pale mlangoni na mtoto analia, sitasahau. Haya leteni ya kwenu.

*

Fundi umenigusa. Mi nafundisha hesabu Tabora, mada ya uwiano watoto walikuwa wanaikariri tu. Siku moja nikawaambia tokeni nje, mmoja asimame ukutani mwingine aweke alama ya chaki utosini, alafu anyooshe mikono yote miwili tupime ncha ya kidole hadi ncha ya kidole. Wa kwanza urefu 162, mikono 164. Wa pili 155 kwa 154. Wakaanza kugombania futikamba wenyewe bila kulazimishwa! Tukachora grafu vitone vikajipanga karibu mstari mmoja. Nikawaambia Leonardo da Vinci kalichora hilo kama mwaka 1490 hivi huko Italia, mtu amesimama ndani ya mraba. Nyayo nazo zilikuja kama asilimia 15 ya urefu. Vitone viwili vitatu vilikaa pembeni na nikawaambia wasivifute, nao ni watu.

*

Sisi wa ziwani hiyo mikono ndo pima yenyewe. Babu alipima kamba ya nanga kwa kunyoosha mikono, moja, mbili, tatu, mpaka 20. Nilipoanza kwenda nae ziwani akanituma nikakate pima 20, nikakata, kufika kwenye mtumbwi kamba yangu ndefu kuliko yake. Kaniangalia akasema simama hapa, nyoosha mikono. Yangu ilikuwa inampita kama sentimita 20, kwa pima 20 hiyo ni mita 4 mkuu! Tangu siku hiyo kamba za mtumbwi wetu zikapimwa na mtu mmoja tu, na nyavu hivyohivyo.

*

Naomba niseme ya bibi yangu, tunakaa Tabora huku Ipuli. Mgongo umeinama sana, na alikuwa anatuambia kila siku mimi nilikuwa mrefu kuliko babu yenu, sisi tunaitikia tu ndio bibi. Mwaka jana kalazwa, walitaka kujua uzito wake unaendana na urefu, akisimama anasoma 151. Nesi akasema bibi lala kitandani, nyoosha mkono mmoja, akapima kutoka kishimo cha chini ya koo hadi ncha ya kidole cha kati, akazidisha mara 2. Ikaja 166. Akatueleza mifupa ya mkono haiinami kama uti wa mgongo, ndo maana wazee wanapimwa hivyo. Babu kitambulisho chake cha kazi reli kiliandikwa 163. Bibi alivyosomewa akanishika mkono akasema si niliwaambia.

*

Mleta mada tena hapa. Dada wa Ipuli nimeisoma mara mbili. Ukimshonea bibi gauni usichukue urefu wa mbele kama wa nyuma, nyuma ongeza, mgongo ulioinama unakula kitambaa. Ukiwa huku Kigoma mlete, nampima mwenyewe.