Naombeni ushauri: nimempa sifuri mwanafunzi kwa insha aliyoiandika mwenyewe

Mwalimu wa Zamu: Wakuu, habari za jioni. Nafundisha historia, mwaka wa 19 huu. Projekta niliizoea, vipindi vya mtandaoni wakati wa korona nikavimudu, ila hii akili mnemba imenishinda.

Wiki jana nimesahihisha insha 40. Nyingi zimenyooka mno, na watoto ni hawa hawa ambao juzi tu walichanganya "r" na "l". Nikazipitisha kwenye programu ya kugundua maandishi ya mashine. Ya binti mmoja ikasoma asilimia 87, nikampa sifuri mbele ya wenzake. Kesho yake akaja na daftari: rasimu tatu za penseli, aya ya pili imekatwakatwa hadi karatasi imetoboka. Hakusema neno, aliliweka tu mezani.

Nifanyeje? Natanguliza shukrani.

Bi Mkubwa: Umemwaibisha mbele ya darasa, msamaha nao uuombe mbele ya darasa. Kumwita ofisini haitoshi.

Mzee wa Chaki: Hizo programu zinabahatisha, mkuu. OpenAI, wenye ChatGPT yao, walitoa ya kwao Januari 2023, Julai wakaiondoa kwa kukosea mno. Mwaka huo huo watafiti wa Stanford walijaribu saba kwa insha 91 za TOEFL, mtihani wa Kiingereza wa watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani zaidi ya nusu zikahesabiwa za mashine! Zinapima jinsi maneno yanavyotabirika, na anayeandika lugha ya kujifunza hutumia msamiati mwepesi.

Kiboko: Mnawadekeza. Karatasi na kalamu, simu nje, basi.

Mwalimu wa Zamu: @Kiboko kwa mtihani sawa. Insha ya utafiti wa wiki mbili je?

Fizikia Tu: Mie huita mmoja mmoja, dakika tatu: "Hapa ulimaanisha nini?" Aliyeandika ataanza kubishana nawe, aliyenakili atatazama dari. Kwa watoto 40 ni saa mbili nzima, usijidanganye. Wakiandika kwa kompyuta, fungua historia ya mabadiliko. Iliyobandikwa hutokea yote kwa mpigo. Na rasimu zipe alama zake.

Mwalimu wa Zamu: Asanteni. Kesho kipindi cha kwanza ni chao, nitaanza na msamaha. Daftari bado ninalo. Nimeisoma ile aya aliyoikata, ni nzuri kuliko aliyoiacha.