Kumbukumbu Zilizoandikwa na Simu: Gumzo la Majirani wa Migosi, Kisumu

Katibu: Majirani wapendwa, hamjambo? Ninawaletea kumbukumbu za mkutano wetu wa Jumapili uliofanyika barazani kwa Mwenyekiti. Safari hii zimewahi kwa sababu niliweka simu juu ya kigoda, karibu na chupa ya chai, ikanasa sauti zetu, kisha nikaiachia programu ya akili mnemba isikilize na kuandika. Tafadhali zisomeni, na mwenye neno alitoe hapa kabla sijazichapisha na kuzitia katika faili.

Mama Mercy: Asante sana, Katibu. Mimi niko zamu ya usiku wodini mwezi huu wote, na kila mnapokutana huwa nimelala au niko njiani. Ilinibidi nisubiri mtu anisimulie, na kila msimulizi alikuwa na mkutano wake mwenyewe. Leo nimezisoma nikiwa ndani ya matatu, na kabla hatujafika Kondele nilikuwa nimeshajua ada mpya ya mlinzi, siku ya kuzibua mtaro na mchango wa matanga ya jirani yetu.

Mama Akinyi: Katibu mwanangu, nami nimesoma, tena nimerudia, maana mara ya kwanza nilidhani macho yananidanganya. Kipengele cha nne kinasema hivi: "Mama Akinyi alikubali kuhamisha kibanda chake kilicho juu ya mtaro kabla ya mwisho wa mwezi." Nilikubali lini, na mbele ya nani?

Baba Wafula: Hapo hata mimi nimeshtuka, Mama Akinyi. Nilikuwa nimeketi kiti cha pili kutoka kwako na sikusikia neno kama hilo.

Mama Akinyi: Nilichosema ni kwamba mabamba ya saruji yaje kwanza, mtaro ufunikwe, ndipo nami nisogeze kibanda nyuma hatua chache ili watu wapate pa kupita. Kusogeza si kuhama. Nusu ya maneno hayo niliyasema kwa Kiswahili na nusu kwa Dholuo, kwa kuwa nilikuwa ninamjibu Jaduong', na hapohapo mvua ikaanza kupiga mabati.

Katibu: Nimerudi kuisikiliza sauti yenyewe. Kuna kishindo cha mvua kwa muda mrefu, sauti ya Mama Akinyi inasikika kwa mbali kama mtu aliye ng'ambo ya barabara, halafu Mwenyekiti anasema waziwazi, "Haya basi, tumekubaliana." Nadhani programu iliyaunganisha.

Mwenyekiti: Jamani! Wakati huo nilikuwa ninawaambia vijana tumekubaliana viti viingizwe ndani visilowe.

Mweka Hazina: Basi viti ndivyo vilivyotaka kumhamisha Mama Akinyi.

Achieng' wa Maseno: Naomba radhi kwa kuingilia mazungumzo ya wakubwa, lakini jambo hili ninalisoma chuoni na ningependa kulieleza. Programu hizi hazisikii jinsi sisi tunavyosikia. Zimefunzwa kwa saa nyingi mno za sauti pamoja na maandishi yake, na kutokana na hayo zinakisia ni neno lipi lina uwezekano mkubwa wa kufuata jingine. Sauti ikiwa safi, makisio hayo huwa mazuri ajabu. Ikipita mvua, pikipiki au kimya kirefu, programu haiweki alama ya kusema kwamba hapa sikusikia, bali mara nyingine huandika sentensi kamili ambayo hakuna aliyeitamka. Kisha ikiambiwa itoe muhtasari, inaiona sentensi ile ni sawa na nyingine zote, nayo inaipamba kwa lugha ya mikutano. Ndiyo sababu kipengele cha nne kinasomeka vizuri kuliko vyote.

Mwalimu Mstaafu: Binti, hilo la mwisho umelisema vyema. Nimefundisha Kiswahili miaka mingi na kusahihisha kumbukumbu za kubuni ambazo wanafunzi huandika katika karatasi ya insha, na nilichozoea ni kwamba mwanafunzi asiyejua jambo huandika vibaya panapohusu jambo hilo, nawe mwalimu unaona mara moja pa kutilia alama nyekundu. Huyu wa simu hana pa kumkamata. Uongo wake na ukweli wake vimeandikwa kwa mwandiko mmoja.

Jaduong' wa Kona (ameandika mjukuu wake kwa niaba yake): Babu anawasalimu nyote. Anasema macho yake hayaoni herufi ndogo, kwa hiyo nimemsomea kumbukumbu zote kuanzia juu mpaka chini. Anasema alizungumza kwa kirefu juu ya mtaro ule, akaeleza maji yalikuwa yakipita wapi kabla nyumba za upande wa chini hazijajengwa, na kwa nini yanarudi palepale kila mvua za masika zinaponyesha. Alizungumza kwa Dholuo kwa sababu ndiyo lugha anayoweza kuelezea mambo ya ardhi bila kukwama. Anauliza maneno hayo yako wapi, kwa sababu alichosikia nikimsomea ni kwamba "mzee mmoja alitoa shukrani."

Baba Wafula: Pole sana, Jaduong'. Mimi Dholuo ninaisikia kidogo tu, lakini uliponyoosha fimbo ukatuonyesha mkondo wa maji, hata sisi tuliotoka Bungoma tulielewa. Simu haikuiona fimbo.

Katibu: Shukrani zilikuwapo kweli, Jaduong'. Ulimalizia kwa Kiswahili ukasema, "Asanteni kwa kunisikiliza." Hiyo ndiyo sentensi iliyoshikwa.

Achieng' wa Maseno: Hapa tatizo ni tofauti kidogo na lile la mvua. Kiingereza kina sauti na maandishi yasiyohesabika ya kuifunza mashine, Kiswahili kina kiasi, na lugha nyingine za nyumbani kwetu zina kidogo sana. Dholuo tena ni lugha ya toni, ambapo kupanda au kushuka kwa sauti kunaweza kubadilisha maana, na maandishi yetu ya kawaida hayaonyeshi toni hizo. Kazi ya kujaza pengo hilo imeanza. Chuo Kikuu cha Maseno ni miongoni mwa vyuo vilivyokusanya hazina iitwayo Kencorpus, iliyotangazwa mwaka 2022, yenye Kiswahili, Dholuo na Kiluhya. Ina takriban maneno milioni 5.6 ya maandishi na saa 177 za sauti. Kwa wanaojenga mashine kubwa, hicho ni kiasi kidogo, lakini kabla yake mtafiti hakuwa na mahali pengi pa kuanzia.

Baba Wafula: Kiluhya kipi, Achieng'? Maana sisi ni wengi.

Achieng' wa Maseno: Lumarachi, Lulogooli na Lubukusu, Baba.

Baba Wafula: Lubukusu kimo! Basi mradi huo una watu wenye akili timamu.

Mweka Hazina: Kabla hatujaingia katika siasa za Waluhya, naomba tutazame kipengele cha saba. Wakati wa chai nilimnong'oneza Mwenyekiti habari za jirani mmoja ambaye hajalipa ada ya mlinzi, nikamweleza na sababu yake, ambayo ni ya nyumbani kwake na haituhusu. Mnong'ono ule niliutoa nikiwa nimeinama karibu na chupa ya chai, na kumbe simu ilikuwa pale. Sasa umeandikwa kwa ufasaha, ukapewa nambari, ukatumwa kwa watu wote wa mtaa. Katibu, tafadhali ufute ujumbe huo sasa hivi, halafu utume upya bila kipengele hicho.

Katibu: Nimeufuta.

Mwalimu Mstaafu: Hili linanikera kuliko la kibanda. Mama Akinyi ana ulimi wa kujitetea, na amejitetea. Huyu mwingine ameanikwa bila kujua, tena na mtu asiyemtakia mabaya. Katibu mzuri nilivyowajua mimi, wale wa vyama vya ushirika na kamati za shule, alikuwa na kalamu inayojua kunyamaza. Wazee wawili wakirushiana maneno makali hadi fimbo zikainuliwa, yeye aliandika kwamba "baada ya majadiliano marefu, ilikubaliwa kwamba," na kila aliyekuwapo alijua marefu hayo yalikuwa na urefu gani. Hakuwa anadanganya. Alikuwa anawaachia watu njia ya kurudi kesho kuketi pamoja. Ukiweka chombo kinachonasa kila kitu, watu nao watajifunza kutosema kitu, na mikutano yetu itakuwa ya kusomeana hotuba.

Mweka Hazina: Ipo pia Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Sauti ya mtu na habari za deni lake ni data yake binafsi. Sheria hiyo haigusi mambo ya kibinafsi na ya nyumbani kabisa, kama vile mimi kurekodi kuzaliwa kwa mjukuu wangu, lakini sisi ni chama chenye daftari, michango na akaunti, na sitaki kuwa mtu wa kwanza mtaani kujaribu kama chama chetu kinahesabiwa kuwa nyumba. Isitoshe, kuna mtu aliyeulizwa siku ile kama yuko radhi kurekodiwa?

Baba Wafula: Mimi niliiona simu pale kwenye kigoda, lakini nilidhani inasubiri ipozwe na upepo.

Mama Mercy: Naomba msiitupe mashine hii haraka, jamani. Wengi mnaosema hapa mlikuwapo barazani. Sisi wa zamu, na walinzi, na mama anayeuza samaki hadi usiku, hatukuwapo na hatutakuwapo mwezi ujao. Mwalimu, ninakuheshimu sana, ila kalamu yako inayojua kunyamaza imewahi kutunyamazia hata sisi. Mwaka jana tulipouliza kwa nini taa za barabara zimewekwa upande mmoja tu, tuliambiwa ilikubaliwa "baada ya majadiliano marefu." Yalikuwa ya nani na nani? Hatukujua hadi leo. Pia kumbukumbu za mkono zilikuwa zinakuja mkutano mwingine ukiwa mlangoni, na nyingine hazikuja kabisa.

Mwalimu Mstaafu: Hilo la taa nalikubali, Mama Mercy. Umenipata.

Mwenyekiti: Wengine tunakumbuka M-Pesa ilipoanza mwaka 2007. Kuna wazee waliokataa katakata kumpa mtu wa dukani fedha taslimu halafu waambiwe zimefika Siaya kwa ujumbe wa simu. Leo hao hao wakidaiwa mchango wa matanga wanauliza nambari ya kutuma. Je, hili nalo si la kuzoea tu?

Mweka Hazina: Nimeshika hesabu za chama hiki tangu siku hizo, Mwenyekiti, na nadhani mambo haya hayafanani. M-Pesa haikutuomba tuiamini kwa maneno matamu. Ukituma, wewe unapata ujumbe na anayepokea anapata wake, zote mbili zina msimbo uleule wa herufi na tarakimu kumi, na kiasi kilekile, na jina la upande wa pili. Mtu akinibishia ninatoa simu yangu, naye anatoa yake, tunalinganisha, ubishi umekwisha. Katika kumbukumbu hizi, Mama Akinyi angetoa nini? Hana ujumbe wa pili. Ana neno lake tu dhidi ya karatasi iliyoandikwa vizuri, na mimi nimeona mara nyingi karatasi ikimshinda mtu.

Mama Akinyi: Hapo ndipo moyo wangu ulipodunda. Leo tunacheka. Miaka mitatu ijayo, Mwenyekiti akiwa mwingine na Katibu mwingine, mtu atafungua faili na kusoma kwamba nilikubali kuhama, na hakuna atakayekumbuka mvua wala viti. Kibanda kile ndicho kimesomesha watoto wangu.

Mwalimu Mstaafu: Ndiyo maana zamani kumbukumbu zilisomwa kwa sauti mwanzoni mwa mkutano uliofuata, mtu mmoja akapendekeza zithibitishwe, mwingine akaunga mkono, kisha mwenyekiti na katibu wakatia sahihi na tarehe. Sisi siku hizi tunasema "zichukuliwe kuwa zimesomwa" ili tufikie chai mapema. Programu haiwezi kuitwa ije ieleze kwa nini iliandika ilivyoandika. Mwenye sahihi anaweza kuitwa.

Katibu: Nami niseme langu. Kazi hii ni ya kujitolea, na nilikuwa ninaiandika usiku baada ya kufunga duka la vipuri. Programu inanipunguzia saa nyingi, na sitaki kuiacha. Nipeni mtu wa kuketi naye, tena anayeijua Dholuo vizuri, tusikilize sauti pamoja tukilinganisha na maandishi.

Achieng' wa Maseno: Mimi nitaketi nawe, Katibu. Nikiwa chuoni unaweza kunitumia sauti ya sehemu ya Dholuo peke yake niiandike.

Jaduong' wa Kona (ameandika mjukuu wake): Babu anasema yuko tayari kurudia maneno yake ya mtaro, lakini Achieng' aje nyumbani na daftari, na asiweke simu mezani mpaka amalize kunywa chai.

Mwenyekiti: Vizuri. Kuanzia mkutano ujao nitauliza kwanza kama kila mtu yuko radhi kurekodiwa, na simu itakaa mezani mbele yangu, mbali na chupa ya chai, na wakati wa mapumziko itazimwa. Katibu na Achieng' watazipitia kumbukumbu, zitatumwa hapa kwa faida ya Mama Mercy na wenzake, kisha zitasomwa kwa sauti mbele ya wote. Zikishathibitishwa na kutiwa sahihi, sauti ifutwe. Mwenye kupinga aseme.

Mama Mercy: Sina pingamizi, mradi zisichelewe.

Katibu: Hiki hapa kipengele cha nne kilivyo sasa: "Mama Akinyi alisema kwamba mtaro ukishafunikwa kwa mabamba matatu ya saruji, atasogeza kibanda chake nyuma ili kuacha njia ya kupita. Hakuna tarehe iliyowekwa." Maelezo ya Jaduong' kuhusu mkondo wa maji yataongezwa Achieng' atakapoyaandika.

Mama Akinyi: Mabamba ni manne. La nne ni la mbele ya lango la Mwenyekiti, naye mwenyewe ndiye aliyeliomba.

Mwenyekiti: Ni kweli, niliomba.

Katibu: Nimerekebisha. Ni manne.