Facebook inasema oda 40, Google 31, lakini walionilipa ni 46 tu. Nikate matangazo gani?

Mapazia_Eastleigh
Wadau habari zenu, naomba mnisaidie nimechanganyikiwa kweli. Niko na duka la mapazia Eastleigh na tovuti ndogo, mtu anachagua pazia, analipa na M-Pesa tunamletea. Mwezi uliopita nililipia matangazo Instagram na Facebook, nikalipia pia Google yale mtu akitafuta "mapazia Nairobi" natokea juu. Sasa Facebook inasema imeniletea oda 40, Google nao 31, hiyo ni 71, lakini kwa M-Pesa walionilipa ni 46 pekee!! Google Analytics, ile ya kuhesabu wanaoingia na kununua kwa tovuti, nayo inaonyesha oda 29 na wengi wao wameandikwa Direct, sasa hao ni kina nani? Pesa ya matangazo imeniumiza, lazima nikate mahali.

Jamaa_wa_Namba
Pole dada, usikate kitu bado. Na hizo namba mbili usizijumlishe kabisa maana kila mmoja anajihesabia mteja yule yule. Mtu ameona pazia Instagram Jumatatu akabonyeza hakununua, Alhamisi akakutafuta Google akabonyeza tena akalipa, basi Facebook (ya Instagram huhesabiwa humo) na Google wote wawili wanasema ni wao. Facebook usipobadilisha kitu inahesabu siku 7 tangu mtu abonyeze, na siku 1 kwa aliyeona tu, Google Ads inahesabu siku 30.

Direct ni watu ambao Analytics haijui wametoka wapi. Hapa kwetu wengi huwa ni WhatsApp, umeweka linki kwa status au imezunguka kwa magrupu, inafunguka bila alama yoyote. Weka alama mwenyewe mwisho wa linki, ?utm_source=whatsapp&utm_medium=social, na uandike herufi ndogo siku zote, ukiandika Facebook leo na kesho facebook itakuhesabia vitu viwili. Za Google Ads usiweke kwa mkono, zina alama yao ya gclid inajiweka yenyewe ukiiwasha.

Mama_Viatu_Ngara
Dadangu hiyo tofauti ya 46 na 29 ndiyo ingenikosesha usingizi mimi. Ukurasa wako wa asante, ule wa kumshukuru mteja akishalipa, unatokea lini? Kwangu mteja alikuwa anapata ile ombi ya M-Pesa kwa simu, anaweka PIN, anaona meseji imeingia, basi anaendelea na shughuli zake, kwa tovuti harudi tena, na Analytics ilikuwa inahesabu ununuzi ule ukurasa wa asante ukifunguka tu. Watu wamelipa na hawaonekani! Kijana wangu wa tovuti alibadilisha, sasa malipo yakithibitishwa seva yenyewe, ile kompyuta inayoendesha tovuti, ndiyo inatuma hesabu kwa Analytics.

Kitu kingine, kwa Google tenganisha wanaotafuta jina la duka lako na wanaotafuta mapazia tu. Anayeandika jina lako alishakujua, pengine ni Instagram ilimleta, ukimhesabia Google utakata Instagram na baada ya miezi miwili utashangaa mbona hakuna anayetafuta jina lako tena.

Mapazia_Eastleigh
Mungu awabariki, nimejilipia shilingi 10 saa hii kujaribu, PIN nimeweka pesa imetoka na ukurasa wa asante haujafunguka mpaka nikarudi mwenyewe kubonyeza. Nampigia fundi wa tovuti sasa hivi. Mama Viatu, kubadilisha hiyo ya seva alikuitisha pesa ngapi?