Mrejesho: Maji ya chemchemi ya kando ya barabara ya mlimani

Ndugu zangu, niliuliza iwapo maji yanayotiririka kutoka kwenye bomba lililochomekwa mwambani, kando ya barabara ya mlimani, yanafaa kunywewa bila kuchemshwa, nanyi mkanishauri niyapeleke maabara kwanza. Majibu yametoka: yana bakteria wa E. koli, ambao hutoka kwenye kinyesi cha watu na wanyama, ilhali mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka wasionekane kabisa katika mililita 100 za maji ya kunywa. Naitreti (kemikali inayoingia majini kutoka kwenye mbolea na kinyesi), kwa bahati nzuri, iko chini ya kikomo cha miligramu 50 kwa lita, na hilo ndilo lililonipa ahueni zaidi, kwa kuwa kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi naitreti. Juu ya chemchemi kuna malisho ya ng'ombe, jambo ambalo mtu aliyesimama barabarani hawezi kuliona. Nitaendelea kuyachota, maana ladha yake siiachi, ila nitayaacha yachemke kabisa kwa dakika 1 (wanaoishi juu ya mita 2,000 hivi wangoje dakika 3), na sitayachota baada ya mvua kubwa, ambayo husomba uchafu wa juu hadi kwenye chanzo.